Sala na Dawa Ziingie Mlango Mmoja

Tamko kwa waamini, viongozi wa dini na wakuu wa afya wa Butembo na Beni

Sisi wachungaji, mapadri, masista, maimamu, wauguzi na wasikilizaji tulioungana kuwahudumia wenye majeraha ya moyo katika miji ya Butembo na Beni, tunatoa tamko hili kwa sababu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analiona mlangoni kwake. Hapa kwetu mtu akianza kukosa usingizi, akisikia sauti, akikataa chakula au akilia bila kujua analilia nini, hapelekwi kwanza kwenye kituo cha afya. Anapelekwa kwenye maombi. Daktari atamwona baadaye, pengine baada ya miezi mingi, pengine asimwone kabisa.

Wapo wenzetu katika kazi ya afya wanaoliona hilo kuwa kikwazo. Sisi tunaliona kuwa dhamana. Ikiwa mlango wa kwanza ni wa kanisa au wa msikiti, basi anayeufungua ameshika maisha ya mtu mkononi, awe anajua au hajui. Tamko hili linamhusu yeye kabla ya mwingine yeyote. Serikali nayo tutaiambia neno, lakini mwishoni, maana kuisema serikali ni kazi nyepesi kuliko kujisema.

Tuliyoyapitia

Hatuna haja ya kurudia kwa urefu yale ambayo kila nyumba inayajua. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamepita Ngadi, Eringeti, Oicha, Rwangoma na vijiji vingi vya njia ya Mbau, kisha yakasambaa hadi Ituri na Lubero. Watu wamekatwa kwa mapanga wakiwa katika mashamba yao ya kakao, mahali ambapo baba zao walikuwa wakilala bila kufunga mlango. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ukatangazwa, ukianzia upande wa Mangina. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikuwa wamefariki. Ukarudi Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba ya mwaka uleule. Kisha, mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga ikatekwa na waasi wa M23, na barabara ya Lubero ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Wengi wao hawakufika kambini. Walipokelewa na ndugu, nyumba ya watu saba ikawa ya watu kumi na tano.

Utafiti wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika nchi zenye vita mtu mmoja kati ya watano ana ugonjwa wa akili wa aina fulani: huzuni inayovunja mtu, wasiwasi usiokoma, mshtuko usiotoka mwilini, au maradhi mazito kuliko hayo. Anayehubiri Jumapili mbele ya watu mia tano na afanye hesabu mwenyewe kabla ya kupanda mimbarini.

Nyumba za sala zenyewe zimejeruhiwa. Tarehe 1 Mei 2021, Sheikhe Ali Amini, mwakilishi wa Waislamu wa Beni, mtu aliyekuwa akikemea wazi itikadi ya wauaji, alipigwa risasi msikitini. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo bomu lililipuka ndani ya kanisa Katoliki mjini Beni. Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Jumapili, bomu jingine liliwaua waamini katika kanisa la CEPAC huko Kasindi, wakiwa katika ibada ya ubatizo. Kwa hiyo tusimshangae muamini anayekaa daima karibu na mlango, anayeruka kiti kikianguka, au aliyeacha kabisa kuja. Tumezoea kusema imani yake imepoa. Huenda imani ni ileile, ila mwili wake unakumbuka.

Kilio kisichokwisha

Katika yote tunayoyasikia kwenye nyumba zetu za kuwasikiliza wenye majeraha, moja linarudi kuliko mengine, nalo ni kilio ambacho hakikumalizwa. Kwetu kilio kina mwendo wake. Kuna nyumba ya kilio, kuna moto unaowashwa nje, kuna watu wanaolala hapo na mfiwa ili asibaki peke yake usiku, kuna wanaoleta kuni na maharagwe, kuna siku ya mwisho ambapo matanga yanaondolewa na mtu anaruhusiwa kurudi shambani. Mwendo huo ulikuwa tiba kabla yeyote kati yetu hajalisikia neno saikolojia.

Ebola iliukata mwendo huo katikati. Timu za mazishi salama na yenye heshima zilikuja zimevaa kama watu wa mwezini, mwili ukaingia kwenye mfuko, familia ikasimama mbali. Hakuna aliyeosha, hakuna aliyegusa uso kwa mara ya mwisho. Ilikuwa lazima, na wale waliozirushia timu hizo mawe walikosea. Lakini sisi viongozi wa dini tulikosea pia, maana wengi wetu tulisema "ni lazima" tukaondoka. Hatukurudi kuuliza ni nini kilibaki kwenye nyumba ile. Na kwa familia za waliopotelea porini hali ni ngumu zaidi. Mjane ambaye mume wake hakurudi kutoka shamba la kakao hajui avae nguo za kilio au asubiri. Akilia, ataambiwa anamtabiria mwenzake kifo. Akinyamaza, ataambiwa ana moyo wa jiwe. Mwaka unapita hivyo, na wa pili.

Hapa ndipo dini ina kitu ambacho hospitali haina. Dini inaweza kuchelewa na bado ikafika. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote: majina ya waliopotea yasomwe siku hiyo moja moja, hata kama ibada itachukua saa nne. Waislamu wana swala ya ghaibu, inayoswaliwa kwa ajili ya maiti asiyekuwepo. Makanisa ya CBCA, CECA 20, CEPAC, Waanglikana na wengine wote wana ibada za kumbukumbu, na hakuna sheria ya kanisa lolote inayosema kumbukumbu ni kwa wenye kaburi tu. Tunaomba kila parokia, kila usharika na kila msikiti uwaulize watu wake: nani alizikwa bila ninyi? Nani hakuzikwa? Kisha kilio kifanyike upya, na moto uwashwe nje, na watu walale hapo.

Wala tusiwaharakishe wanaolia. Wapo wahubiri wanaofika kwenye kilio na kuamuru watu wafurahi, kwa kuwa marehemu yuko mahali pema. Vitabu vyetu havisemi hivyo. Ayubu alipopoteza watoto na mali, rafiki zake waliketi naye chini mavumbini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku saba pekee walizomsaidia; walipofungua midomo kuanza kumwelezea makosa yake, waliharibu yote. Nabii Yakubu, kama Qurani inavyosimulia, alimlilia Yusufu hata macho yake yakapofuka, na hakuitwa mtu asiye na imani. Eliya alikimbilia jangwani akamwomba Mungu amwondolee uhai. Malaika aliyetumwa kwake hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi kumpa tena. Sisi tunaotoa tamko hili tumesoma habari hiyo mara nyingi na bado tumeendelea kuwahubiria watu wenye njaa ya usingizi.

Wataalamu wa saikolojia ya dini, hasa Kenneth Pargament wa Marekani na wenzake, wamechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyoitumia imani wakati wa shida. Waliona njia mbili. Anayesema "Mungu yuko nami hata hapa, na ndugu zangu wa kanisa wananishika mkono" kwa kawaida huvumilia vizuri zaidi. Anayesema "Mungu ananiadhibu, Mungu ameniacha" huzidi kudhoofika. Tunalitaja jambo hili kwa sababu sentensi ile ya pili mtu haiokoti njiani. Mara nyingi ameisikia mimbarini. Mwanamke aliyebakwa akielekea kisimani akiambiwa atafute dhambi iliyofungua mlango, amejeruhiwa mara ya pili, na safari hii mkono ni wetu.

Kuna utafiti mwingine uliofanyika hapahapa Kivu, Kaskazini na Kusini, ukachapishwa mwaka 2013. Wanawake walionusurika na ukatili wa kingono walisaidiwa kwa njia mbili: 157 katika vikundi vya tiba ya mazungumzo, 248 kwa kusikilizwa mmoja mmoja. Wote walipata nafuu, ila wale wa vikundi walipata nafuu kubwa zaidi, ikadumu. Waliowaongoza hawakuwa madaktari bali wanawake wa Kongo wasaidizi wa kijamii, waliofundishwa kwa kazi hiyo. Tukisoma habari hiyo tunawafikiria akina mama wa Jumatano wanaokutana kanisani, wanakwaya, wanawake wa msikiti wanaotembelea wagonjwa. Hatusemi kwaya ni tiba. Tunasema kikundi kipo tayari, kina siku yake na benchi lake, na kinachokosekana ni mafunzo na mtu wa kukitembelea.

Minyororo

Sasa tuseme lile ambalo wengi wetu tungependa lisisemwe hadharani.

Katika vyumba vya maombi vya mkoa wetu kuna watu waliofungwa kamba na minyororo. Wengine wamefungwa na familia zao kwa hofu, kwa kuwa mgonjwa alikimbia usiku katika mji ambao kukimbia usiku ni kujitafutia risasi. Tunaielewa hofu hiyo. Lakini mnyororo hautoi pepo wala ugonjwa. Unatoa ngozi, kisha unatoa heshima. Kuna wanaonyimwa chakula siku tatu ili pepo adhoofike, wakati anayedhoofika ni mgonjwa. Kuna wenye kifafa walioamriwa kutupa vidonge vyao kama ushahidi wa imani, wakaangukia motoni siku chache baadaye. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa sawasawa, na dawa hizo ni za bei ndogo. Kuziacha ghafla ni hatari kubwa.

Kuna pia watoto na bibi vizee wanaotajwa kuwa walozi katika maombi ya ukombozi kwa sababu mtu wa nyumba ile hapati usingizi. Tunalikataa jambo hili bila kutafuta maneno laini. Kiongozi wa dini anayemtaja mtu kuwa mlozi mbele ya umati, katika nchi ambapo umati unaua, hawezi baadaye kunawa mikono.

Hatujasahau kwamba kuwawekea wagonjwa mikono nako kuna gharama yake. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola aliyegundulika Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka kuombea wagonjwa Butembo. Hatumtaji ili kumhukumu. Alikufa akifanya alichoamini ni wajibu wake. Tunamtaja kwa sababu upendo wake ulihitaji glavu, na hakuna aliyemwambia kwa lugha aliyoweza kuikubali.

Ghana wameishi na tatizo hili muda mrefu, na walijaribu jambo ambalo tunataka wenzetu walielewe vizuri. Wataalamu waliingia kwenye kambi moja ya maombi wakawapa wagonjwa dawa hapohapo, huku maombi yakiendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Dalili za ugonjwa zilipungua. Lakini siku ambazo wagonjwa walikaa kwenye minyororo hazikupungua. Dawa iliingia, kufuli likabaki, kwa sababu kufuli lina mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo si daktari. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine, wa Ghana na Nigeria, ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wakifanya kazi pamoja na waombeaji na waganga wa kienyeji, kwa kutembeleana na kukubaliana, wenye magonjwa mazito ya akili hupata nafuu kubwa kuliko wakiachiwa upande mmoja. Na kabla ya tafiti hizo zote, fundi wa magurudumu kutoka Benin, Grégoire Ahongbonon, muumini asiye na shahada ya udaktari, alikuwa ameanza huko Bouaké nchini Côte d'Ivoire kuwafungua waliofungwa kwenye miti, kuwaogesha, na kuwafikisha kwenye dawa. Alianza na kikundi cha sala.

Tunachojifunga kukifanya

Kwa hiyo tumekubaliana, na kila anayejiunga nasi anakubali. Hakuna mtu atakayefungwa kamba, mnyororo au gogo katika nyumba yoyote ya sala iliyo chini yetu. Waliofungwa leo wafunguliwe wakiwepo muuguzi na ndugu, si usiku kwa siri, ili mgonjwa asije akatupwa barabarani kwa kisingizio cha tamko letu. Mgonjwa hatanyimwa chakula wala maji. Wenye afya wafunge kwa niaba yake, kama wanataka kufunga. Hakuna atakayeamriwa kuacha dawa. Mtume Muhammad aliwahimiza watu wajitibu, akafundisha kwamba Mungu hakuleta ugonjwa bila kuleta dawa yake. Yoshua bin Sira anataka daktari aheshimiwe. Luka aliyetuandikia Injili anaitwa tabibu. Anayefundisha kwamba kidonge ni uhaba wa imani anafundisha jambo lake mwenyewe.

Kiongozi ataombea, kisha atasindikiza. Tunatilia mkazo neno kusindikiza, kwa sababu barua ya kumtuma mgonjwa hospitali mara nyingi huishia mfukoni. Twende naye. Mchungaji akiketi kwenye benchi la hospitali pamoja na mgonjwa wake, familia nzima imepata ruhusa ya kuamini kwamba hapa nako Mungu yupo. Aliyebakwa apelekwe siku ileile, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, na saa hizo hazingojei mwisho wa kesha. Aliyetamka kwamba anataka kufa asiachwe peke yake hata kwa nusu saa, na asiambiwe kwamba ametenda dhambi kwa kulitamka.

Ushuhuda wa hadharani tunauwekea mpaka. Mtu aliyenusurika porini hatapandishwa mbele ya watu kusimulia alichofanyiwa ili mkutano ulie na sadaka iongezeke. Atasema akitaka, wakati wake, kwa watu aliowachagua. Vilevile msamaha: tunaufundisha, hatuuachi, lakini hatutamdai mtu aliyezika watoto watatu msamaha wa wiki hii.

Na viongozi wenyewe. Padri aliyezika watu ishirini kwa siku moja, imamu aliyeosha miili ambayo haikukamilika, mchungaji ambaye usharika wake wote ni wakimbizi, wanarudi nyumbani kwa nani? Tumezoea kuwapa likizo ya siku mbili na pongezi. Tumeamua kuwa na kikao cha kila mwezi, Butembo na Beni, cha viongozi wa dini zote, bila ajenda wala katibu wa kuandika, cha kusikilizana tu. Wa kwanza kuhudhuria walikuja wakisema wameleta matatizo ya waamini wao.

Tunachoomba

Wakati wa Ebola wasaidizi wa kisaikolojia walikuwa kila mahali, na walionusurika walipewa kazi ya kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa katika vituo vya matibabu, kazi iliyowaponya wao wenyewe kama ilivyowaponya watoto. Ugonjwa ulipokwisha, miradi ilifunga virago. Mauaji hayakufunga. Tunaiomba wizara ya afya, Mpango wa Taifa wa Afya ya Akili na wakuu wa zoni za afya za Beni, Butembo, Katwa, Oicha na Mabalako wahakikishe kila kituo cha afya kina muuguzi mmoja aliyefundishwa kutambua na kutibu magonjwa ya akili ya kawaida, na kwamba dawa za kifafa na za magonjwa mazito ya akili hazikosekani. Tukimshawishi mama atoe mtoto wake kwenye chumba cha maombi, kisha akute kabati tupu, hatatusikiliza tena, na atakuwa na haki.

Sheria nambari 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 imewapa haki ya fidia wahanga wa ukatili wa kingono wa vita na wa jinai dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na mfuko wa FONAREV umeundwa kwa kazi hiyo. Tunaomba matunzo ya akili yahesabiwe humo kwa vitendo, na wahanga wa Beni na Lubero waandikishwe walipo, bila kulazimishwa kusafiri njia ambazo ndizo zilizowajeruhi. Mashirika ya misaada tunayaomba jambo dogo: mkija na mafunzo, msituite sisi siku ya mwisho ili tupigwe picha.

Tamko hili lisomwe kwa Kiswahili na kwa Kinande, Ijumaa misikitini, Jumamosi kwa Waadventista, Jumapili makanisani, baada ya matangazo mengine yote. Atakayelisoma asiondoke haraka. Abaki kwenye benchi la nyuma, kwa kuwa yupo atakayengoja wengine watoke ndipo amsogelee.